Kitambaa Kilichokuwa Kwenye Kopo la Kakao

Aber, binti yangu, mama yangu,

Kama mambo yamekwenda nilivyopanga, unasoma haya ukiwa upande wa pili wa mpaka, na kopo la kakao liko mapajani mwako. Ndiyo, ni lile lile la juu ya kabati, lililokaa nyuma ya redio mbovu tangu ulipokuwa shule ya msingi. Nimelificha chini ya sweta zako wakati mama yako yuko jikoni anakaanga mandazi ya safari. Ningekupa mkononi ungelifungua hapo hapo, na mimi sina uso wa kukutazama ukisoma.

Mambo ya kufunga mlango kwa komeo, ya kutomwamini kila anayekuita dada, ya kula kabla ya kutoka, mama yako ameshayasema mara tatu na kesho stendi atayarudia. Yeye kwao ni huko, anaijua Nairobi kuliko mimi ninayeijua kwa kusimuliwa. Mimi nina jambo moja tu. Nimelibeba miaka kumi na moja, na nimechoka nalo.

Naanza na kofi. Nimekupiga mara moja katika maisha yako, na unaikumbuka siku hiyo vizuri kuliko mimi. Ulikuwa umeanza tabia yako ya kufungua redio na saa za watu, parafujo zimejaa kwenye visahani vya chai vya mama yako. Ukapanda kiti, ukalishusha kopo hili ili uziweke humo. Nilitoka bafuni na povu masikioni, nikakupiga kabla sijajua nimeinua mkono. Hukulia. Ulinitazama ukauliza, "Baba, kwani iko na nini?" Sikukujibu. Kesho yake nilikununulia kisanduku cha plastiki chenye vyumba vyumba, ukakipokea kwa mikono miwili, ukasema asante, na hukuuliza tena. Nilijua huulizi kwa sababu unaniogopa. Nisamehe kwa kofi lile. Na nisamehe zaidi kwa kufurahi kwamba uliogopa.

Sasa njoo mezani kwetu, mwezi uliopita, Jumamosi ile uliyotoka Ntinda, kwenye duka lenu la simu, na habari kwamba karakana ya Nairobi imekuchukua. Mama yako alifurahi mpaka akaunguza vitunguu. Halafu akakuuliza lile neno la kwenye bango la duka lenu, refurbished, lina maana gani hasa, kwa sababu aliwaambia wenzake kanisani kwamba binti yake anauza simu mpya, na mmoja akamcheka. Wewe unapenda sana kuulizwa vitu kama hivyo. Ukaweka kijiko chini, ukaanza darasa.

Ulisema Kiingereza kina maneno mengi ya kukifanya kitu kuwa kipya tena, na karibu yote yana upya ndani yake ukiyapasua. Renew lina new. Renovate nalo lina upya ule ule, wa Kilatini. Lakini refurbish halina. Waingereza walilitoa kwa Wafaransa, na Wafaransa walilitoa kwa watu wa zamani wa upande wa Ujerumani, na huko kote lilikuwa neno la watu wa silaha. Kufurbish ilikuwa ni kusugua upanga na ngao, kuondoa kutu mpaka ving'ae. Ile re ya mbele inasema tena tu. "Yaani humo ndani hakuna upya kabisa," ukasema. "Kuna kusugua tu. Upanga ni ule ule, kilichoondoka ni alama." Ukanigeukia unacheka. "Baba, kumbe hii ni kazi yako ya zamani. Mimi na wewe tuko kazi moja."

Nilisimama, nikaacha samaki nusu, nikaenda nje kunawa mikono ambayo haikuwa michafu. Ulinifuata mlangoni ukaniambia, "Pole Baba, nilikuwa nacheza tu." Ulidhani umenidharau kwa kufananisha bunduki na simu. Hapana, mama. Hukunikosea lolote. Ulisema kweli bila kujua, na ilinipata pale pale ninapoumwa.

Unajua kwamba nilipotoka jeshini niliajiriwa na kampuni ya ulinzi. Jina lake liache, ilishakufa na mwenyewe alishahama. Kazi yangu ilikuwa ghala la silaha. Jioni walinzi walipanga foleni dirishani, nikawapa kila mmoja bunduki na risasi tano. Saa kumi na mbili asubuhi walizirudisha, nami nikazisafisha. Bunduki zenyewe zilikuwa kuukuu, nyingine kitako chake kimefungwa kwa waya, lakini mkononi mwangu zilikuwa zinang'aa. Dizeli kidogo kuondoa uchafu, kamba yenye kitambaa cha flana ikapita ndani ya mtutu mara tatu, nne, halafu mafuta mepesi. Nilijivuna na kazi ile, nakuambia wazi. Katika maisha yangu nimeharibu mengi, lakini hapo nilikuwa na kitu nikikifanya kinatokea sawa.

Asubuhi moja, mwezi wa mvua, alikuja mlinzi mmoja aliyekuwa analinda bohari la mabati kule Namuwongo, karibu na reli. Alikuja kabla ya wenzake. Aliweka bunduki dirishani, akasema, "Shika, mzee." Jina lake sitaliandika hapa, nitalitaja kwa wanaostahili kulisikia. Nilipofungua mtutu, pua yangu ilijua. Baruti iliyowaka haifichiki, ina ukali unaokaa kooni. Nilimtazama, naye alitazama sakafu. Ningeweza kumuuliza umempiga nani. Ni maneno mawili. Badala yake nikachukua kitambaa.

Nilisafisha vizuri kuliko siku zote. Hakuna aliyenituma, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Laiti bosi angeniamuru, ningekuwa na mtu wa kumlaumu. Mikono ilianza yenyewe kwa mazoea, na mimi nikaiacha iendelee.

Saa nne wakaja watu wawili wa uchunguzi pamoja na bosi wetu. Kumbe alfajiri ile mtu alikuwa amekutwa amekufa kando ya bohari, risasi moja kifuani. Bosi akasema sisi hatukufyatua chochote, labda ni wezi waliogombana wenyewe relini. Mmoja wa wale wachunguzi akaniuliza, "Mzee, kuna bunduki ilipiga usiku?" Nikamjibu, "Zote ziko safi, afande, angalia mwenyewe." Akachungulia mtutu mmoja mmoja. Alipofika kwenye ile, akapiga mluzi kidogo. "Huyu mzee anajua kazi," akasema. Nikasema asante.

Sikusema uongo, unaona. Zote zilikuwa safi kweli.

Marehemu aliitwa Wasswa. Ukiwa mtoto wa Kampala huhitaji kuelezwa: Wasswa ni pacha wa kwanza, Kato ni wa pili, na mama wa mapacha huitwa Nnalongo. Ndiyo. Ni Nnalongo wetu wa Namuwongo, muuza mkaa. Na Kato ni yule fundi viatu wa Kabalagala aliyekushonea kandambili za shule mpaka soli zikabaki uzi mtupu.

Wasswa alikuwa kibarua wa kubeba mabati. Walikuwa wanachukua watu ishirini wa kwanza kufika, kwa hiyo alikwenda kungali giza ili awe mbele. Mlinzi aliona mtu anasogea kwenye ukungu. Hilo ndilo lote lililotokea. Lakini kwa kuwa hakuna bunduki ya kampuni iliyopiga, ikabidi awe amekufa kwa sababu nyingine, na mtu anayekufa alfajiri kando ya bohari sababu yake inatungwa haraka. Bunduki ikawa safi, mtu akawa mwizi. Kwenye mazishi walikwenda watu wachache wa kuhesabu kwa vidole. Kato alipoteza wateja mwaka mzima, watu hawakutaka kumwachia viatu pacha wa mwizi.

Mimi nilikwenda kwa Nnalongo wiki tatu baadaye. Nilikwenda kusema. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, nikayapoteza nilipomwona amekaa kati ya magunia, uso mweusi kwa vumbi la mkaa isipokuwa mistari miwili ya machozi. Akaniita bwana kwa Kiganda, akauliza, "Unataka ya bei gani, ssebo?" Nikanunua mkaa. Aliniuliza jina, nikasema Okello. Akauliza maana yake, nikamweleza kwamba kwetu kaskazini Okello ni mtoto anayezaliwa akiwafuata mapacha, na kweli mimi niliwafuata mapacha wa mama yangu. Akaacha kupima. "Basi kwetu wewe ni Kizza," akasema. "Umefuata watoto wangu. Wewe ni mdogo yao." Akaniongezea vikonzi viwili vya bure.

Ndiyo sababu mlikuwa mnatumwa mpaka kwa Nnalongo, wewe na mama yako, wakati mkaa ulikuwa unauzwa mlango wa pili. Ulikuwa unalalamika, "Baba, mkaa ni mkaa." Nilikuwa nakujibu kwamba wa Nnalongo hautoi moshi. Miaka yote hiyo kila chakula tulichokula kimepikwa kwa mkaa wake, na kila mara aliongeza vikonzi viwili vya Kizza. Nilidhani nikimpa biashara yangu nitapata nafuu. Ilikuwa kinyume chake. Nilikuwa nikisikia sigiri ya mkaa ikipulizwa asubuhi, naamka na jina la mtu.

Halafu kuna Kato. Sijui kama umewahi kufikiri jambo hili: mtu aliyeua mtu asiye pacha humwona marehemu akiwa na umri ule ule daima. Mimi Wasswa wangu anazeeka. Namwona katika uso wa Kato pale Kabalagala, ameinamia kiatu, mwaka huu ameanza mvi kwenye kidevu, mwaka juzi aliota tumbo kidogo. Siku moja alicheka na mteja na nikalazimika kukaa kwenye ngazi za duka. Kwao pacha hasemwi kuwa amekufa, husemwa ameruka, kama ndege. Kato mwenyewe aliniambia hivyo, bila kuniangalia, anapiga nyundo. "Wasswa aliruka tu, mzee. Lakini maneno ya watu haikuruka. Hiyo ilibaki kwangu."

Nimesoma niliyoandika mpaka hapa, na kuna mahali nimekudanganya. Nimekuachia uamini ni mazoea ya mikono tu. Ngoja niliseme lililobaki.

Niliwapa risasi tano kila jioni. Asubuhi ile zilirudi nne. Nilizihesabu mara mbili mbele ya yule mlinzi, naye akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, nina mtoto mchanga." Nyuma yangu kulikuwa na debe la risasi za mazoezi. Nilichukua moja, nikaiweka na zile nne, zikawa tano. Hayo si mazoea, Aber. Hakuna mkono unaofanya hivyo wenyewe. Nilichagua, kwa macho makavu, na nilikuwa na wewe nyumbani una miaka kumi na moja, na karo ya muhula ilikuwa bado, na niliogopa kampuni ikifungwa nitaishia kuwa mtu wa kusimama getini. Nimejieleza, lakini haitoshi. Nnalongo naye alikuwa na mtoto.

Kitambaa nilichotumia sikukitupa na vingine. Nilikitia mfukoni, na jioni nikakiweka kwenye kopo tupu la kakao. Usiniulize kwa nini. Labda nilitaka pawe na mahali pamoja duniani ambapo alama ile haikufutika. Kina weusi katikati, na ukikinusa mpaka leo kinasema. Hicho ndicho kilichokuwa humo siku uliyopanda kiti.

Sasa nikukumbushe jingine, dogo, ambalo wewe labda umelisahau. Mwaka jana dukani kwenu ililetwa simu na kijana mmoja, mkapewa kazi ya kuifuta na kuisugua iuzwe. Wewe ukakuta ndani yake sauti za mwanamke mzee, anawaimbia wajukuu, anawataja kwa majina. Ukakataa kufuta. Siku tatu ulikuwa unapiga namba zilizokuwemo mpaka ukampata binti yake, akaja akilia kuchukua sauti ya mama yake aliyekwisha kuzikwa. Bosi wako alikugombeza. Uliporudi nyumbani ukanisimulia, unasubiri niseme kitu. Na mimi nilikuambia nini? Nilisema, "Futa tu. Kazi ni kazi. Si juu yako."

Nililisema neno hilo kwa sababu niliona wivu. Ndiyo, wivu wa baba kwa mtoto wake. Ulikuwa na kitambaa mkononi kama mimi, ukasimama ukauliza ni ya nani. Usinisikilize. Kila nilichowahi kukufundisha kuhusu kazi, kukaza nati bila kuvunja uzi, kutoacha meza chafu, kichukue. Hilo moja lirudishe kwangu, ni langu.

Sikuandikii ili ukawe mtakatifu huko Nairobi. Utafuta simu elfu, na karibu zote hazitakuwa na neno. Mimi mwenyewe nilisafisha maelfu ya mitutu iliyokuwa na vumbi tu. Lakini utaijua moja siku itakapokuja. Pua yako itajua kabla ya kichwa, na utakuwa na kama dakika moja. Mimi ile dakika nilikuwa nayo. Ilikuwa ndefu, Aber, ndefu kabisa. Watu husema mambo kama hayo hutokea haraka. Si kweli.

Mama yako nilimwambia Jumapili, baada ya kanisa. Hakupiga kelele. Alikaa chini, akaanza kukunja nguo zako alizokuwa ameshazikunja. Alipomaliza akasema, "Miaka yote umenituma kwa yule mama, na mimi nikampelekea mandazi ya Krismasi." Nikasema ndiyo. Akasema, "Mwambie mtoto kwanza. Asije akaisikia kwa watu." Tangu siku hiyo ananiwekea chakula na haketi nami. Leo tu, kabla hajaanza mandazi, aliniuliza kama shati langu jeupe limepigwa pasi.

Kesho tukishakupandisha basi, mama yako atarudi nyumbani peke yake. Mimi nitashuka Namuwongo na shati jeupe. Nimempigia Kato, nimemwomba awepo kwa mama yake saa tano, nimemwambia nina neno kuhusu Wasswa. Akauliza, "Ni neno mbaya ao mzuri?" Nikamwambia sijui, lakini ni la kweli. Nitawaambia wote wawili, mbele ya majirani wakitaka, kwamba Wasswa hakuwa mwizi, alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Nitawaeleza mtutu, na ile risasi ya tano. Kitambaa nitakuwa nacho mfuko wa shati. Najua hakitathibitisha kitu mahakamani. Ushahidi ni mimi. Wakitaka twende wote polisi tutakwenda, na nitaandikisha.

Usinipigie kunizuia. Nakujua, utataka kushuka kwenye basi. Usishuke. Nenda kazini kwako. Mambo yakinigeukia, mama yako ana biashara yake ya sabuni na ana akili kuliko sisi wote. Ukiona aibu kwa ajili yangu, ione, ni haki yako, sitakuombea uiache. Wiki hii nimeogopa kitu kimoja tu kuliko jela: kwamba hutaniita Baba tena kwa ile sauti ya mlangoni. Ukishindwa kuniita, nitaelewa. Ila ukipita Kampala, pita kwa Nnalongo. Usininunulie mimi mkaa, mnunulie yeye soda, ukae naye.

Mvua imeacha. Mama yako anaita tufunge mabegi, nitasema naja.

Kitambaa nimekitoa. Kopo ni lako sasa. Sikulisugua, lina kutu ukingoni, na ukilifungua bado linanuka mafuta ya bunduki. Uliniuliza mara moja liko na nini, na sikukujibu. Lilikuwa na Wasswa, mwana wa Nnalongo, aliyekwenda kutafuta kazi na hakuwa mwizi. Leo liko tupu. Weka parafujo zako.

Baba yako,
Okello